Mteja Niliyemwombea Kifungo

Katika miaka thelathini na nne ya uwakili niliwaombea watu dhamana, nafuu ya adhabu, muda wa kutafuta mashahidi, na mara moja nilimwombea mshtakiwa ruhusa ya kusimama kwa sababu majipu hayakumruhusu kukaa. Mtu niliyemwombea kifungo ni mmoja tu. Nitamwita Bisimwa, ingawa silo jina lake. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, karani wa ghala kule Namuwongo, na nilimpeleka jela nikiamini kabisa kwamba hana hatia. Vijana wa ofisini mliponiomba niandike kumbukumbu mlizitaja zile kesi zilizoingia magazetini. Hizo zimeshaandikwa na watu ambao hawakuwepo. Mimi nimestaafu, nina muda, nina kiti kizuri barazani, na bado nasoma mstari mmoja wa gazeti mara tatu kwa sababu ya mtu huyu.

Kwanza mjue nilikotoka. Nilizaliwa kwenye laini za polisi Nsambya. Baba alikuwa sajenti, Mwislamu wa Arua. Mama Mkatoliki wa Gulu. Na lugha iliyowapatanisha ilikuwa Kiswahili cha kambini, ambacho hakina adabu sana lakini kinafika. Kile kingine, cha vitabuni, nilikikuta Dar es Salaam nilikokwenda kusoma sheria. Baba hakuamini mtu. Alisema kila aliyemkamata alikuwa na hadithi nzuri, na waliofanya kosa kweli walikuwa na hadithi nzuri zaidi, maana walikuwa na muda wa kuitengeneza. Nikakua hivyo hivyo. Shuleni waliniita Leta Ushahidi, na sikuona kama ni tusi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na nusu asubuhi, nikakaa kwenye ngazi hadi saa tatu, kwa sababu Bwana Dalvi, mwenye ofisi, alikuwa hafungui kabla ya kumaliza chai. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Alinipa penseli nyekundu na jalada moja la wizi akaniambia nitafute uongo. Nilipata mambo matatu katika maelezo ya polisi nikampelekea nikiwa nimejaa majivuno. Akayatazama, akauliza, "Na uongo wa mteja wetu uko wapi?" Sikuwa nimeutafuta. Akanirudishia jalada, nami nikapata mambo matano.

Ndipo akanipa kanuni yake, na ninawaandikia jinsi alivyoisema. "Binti, soma kila kitu, shuku kila mtu, lakini usimwulize mteja kama alifanya. Ukimwuliza atakujibu." Sababu yake ni ya kazi, si ya falsafa. Mteja akikuambia alifanya, huwezi tena kumpandisha kizimbani aseme hakufanya, maana utakuwa unasaidia kuidanganya mahakama. Usipojua, mikono yako iko huru. Kanuni ilinikaa vizuri mwilini kwa sababu jibu lenyewe nisingeliamini hata hivyo. Mteja yeyote akianza kusema "wakili, ukweli ni kwamba," nilikuwa nainua kiganja kama askari wa barabarani.

Wanajeshi walipokuwa wameshashika nchi, ikaja amri ya Waasia kuondoka. Bwana Dalvi aliondoka na sanduku moja. Aliniachia ofisi, makabati, mashine ya kuchapa na joho lake la mahakamani. Yeye alikuwa mrefu, mimi mfupi, kwa hiyo joho lilifagia sakafu. Wakati huo kulikuwa na amri nyingine, ya sketi fupi, na askari getini walikuwa wakitazama magoti ya wanawake kwa bidii ambayo sikuwahi kuiona katika upelelezi wao wa mauaji. Mimi nilipita na joho langu la kufagia bila kuulizwa. Hiyo ndiyo faida pekee ya sheria niliyoiona mwaka ule.

Sasa niwaambie kesi iliyoniharibu, kwani bila hiyo hamtaelewa ya Bisimwa. Fundi saa mmoja wa Kawempe, mtu mzima, mpole, alishtakiwa kwa kupokea redio iliyoibwa kwa ofisa wa jeshi. Shahidi alidai aliitambua redio kwa mkwaruzo. Nikamwuliza mkwaruzo uko upande gani. Akasema kulia. Nikamwomba aonyeshe kulia kwake, kisha kulia kwa redio, na baada ya robo saa hakujua hata mlango wa mahakama uko wapi. Watu walicheka, hakimu naye aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Fundi saa akaachiwa huru. Mkewe alikuwa amemletea shati safi ya kutokea. Nilikuwa bado nimesimama kwenye ngazi napokea pongezi za mawakili wenzangu wakati gari lisilo na namba liliposimama, vijana wawili wakashuka, wakamshika viwiko kama wanaomsaidia mgonjwa, wakamwingiza ndani. Shati lilibaki kwa mkewe. Hatukumwona tena.

Nilijichukia. Sisemi hivi kwa kupamba. Kwa wiki kadhaa niliona kuwa akili yangu ndiyo iliyomuua, kwa sababu wakili mjinga angeshindwa na mzee yule angekuwa gerezani Luzira, anakula posho na maharage, hai. Mahakama za kawaida zilikuwa bado na uwezo wa kumfungua mtu. Uwezo wa kumlinda akishafunguliwa hazikuwa nao. Mawakili wa mjini tulijua hilo lakini tulikuwa hatulisemi, kila mmoja alikuwa akigeuza gari lake litazame barabara, tayari kukimbia, kabla ya kupanda mahakamani.

Bisimwa akaja kwangu mwaka uliofuata. Hakuja mwenyewe, aliletwa na mwanamke wa kanisani kwao, muuza samaki, aliyesimama mlangoni kwangu na kapu kichwani akisema kuna mtu wao yuko selo ya polisi. Bisimwa alikuwa karani wa ghala la sukari karibu na reli. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, sukari ya siku zile: ilikuwa haionekani, ikionekana ina bunduki pembeni. Kapteni mmoja alikuwa akija ghalani na lori, anapakia, anaondoka. Karani hana la kusema. Hesabu ilipofanywa, magunia arobaini na mawili hayakuwepo, na mtu aliyebaki na funguo alikuwa Bisimwa.

Tazameni sasa jinsi mtego ulivyokaa. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mwepesi kama karatasi ya sigara. Ningeweza kuuchana kwa asubuhi moja. Lakini nikiuchana, swali linalobaki mezani ni hili: kama si karani, basi nani? Na kila mtu Namuwongo alijua jibu, kapteni mwenyewe akiwa wa kwanza. Siku Bisimwa atakapotoka mahakamani huru, ataishi mpaka kwenye ngazi. Na akipelekwa kwenye mahakama ya kijeshi, waliokuwa wakihukumu makosa ya sukari na chumvi wakati ule walikuwa hawafungi watu. Walikuwa wanawapiga risasi.

Nikaenda kwa mwendesha mashtaka wa polisi, Inspekta Ocaya. Tulikua pamoja Nsambya. Mama yake na mama yangu waligombania kamba moja ya kuanikia nguo. Nilimkuta anakula muhogo wa kuchemsha kwa samli juu ya majalada.

"Ocaya, hii faili ya sukari. Nataka uipeleke kwa hakimu kesho. Wizi wa mtumishi kazini, basi."

"Salome, wewe nataka kuniua. Hii faili iko moto. Jeshi kule kambini nasema wao nataka kuichukua."

"Ndiyo maana nasema kesho."

Akaacha kutafuna. "Na mutu yako atakubali kosa?"

"Atakubali."

"Aliiba?"

"Mimi sijui, na wewe hujui."

Akausogeza muhogo pembeni. "Mimi iko na watoto sita," akasema. Kisha akachukua kalamu. Watu husema ushujaa wa wakati ule ulikuwa wa walioingia msituni. Mimi nimeuona mmoja wenye mafuta ya samli kwenye vidole.

Mchana huo nikaenda selo. Bisimwa alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, mwembamba, amevaa suruali bila mkanda, anaishika kwa mkono mmoja. Nikamweleza kila kitu kwa sauti ndogo: kesho utasomewa shtaka, utasema ni kweli, utafungwa miaka miwili au mitatu, utaishi. Kapteni akishaona mwizi amepatikana na kesi imefungwa, hatakuwa na haja nawe tena. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akainua uso.

"Mama wakili, ngoja nikuambie vile ilikuwa kweli kweli. Ile sukari..."

Nikainua kiganja. "Usiniambie kitu. Sihitaji."

"Lakini mama, inanisumbua roho."

"Bisimwa, roho isumbuke ikiwa hai."

Akaipandisha suruali yake. Nilikuwa najua alichotaka kusema, au nilijiambia najua: kwamba hakuiba, kwamba ni aibu kwa mtoto wa katekista kuitwa mwizi mbele za watu. Sikutaka kukisikia kwa sababu kesho yake ilinibidi kusimama na kumtazama akikubali.

Asubuhi hakimu alisoma shtaka. Alipofika kwenye "magunia arobaini na mawili", Bisimwa aligeuka akanitazama, midomo ikicheza kama mtu anayetaka kusahihisha kitu. Mimi nilitazama joho langu. Hakimu akarudia swali. Mwishowe Bisimwa akasema "ni kweli" kwa sauti ambayo karani wa mahakama alimwomba airudie. Nikasimama, nikasema maneno ambayo hamtayakuta katika kitabu chochote cha uwakili: kwamba mteja wangu anastahili kifungo, na ninaiomba mahakama isimpe faini. Hakimu alinitazama juu ya miwani. Alikuwa mtu mzima, na yeye alikuwa na gari lililotazama barabara. Akatoa miaka miwili. Mwanamke muuza samaki alinitemea mate miguuni nilipotoka. Alidhani nimehongwa, na sikuweza kumweleza pale penye watu.

Kapteni hakuuliza tena. Kwa upande huo hesabu yangu ilikuwa sahihi. Upande wa pili haukunipa raha. Kila mwezi nilimpelekea Bisimwa sabuni na Biblia zilizochakaa za kanisani kwao, tukazungumza kupitia nyavu kuhusu hali ya hewa, kuhusu mahindi waliyopanda wafungwa, kuhusu Bukavu. Hakuwahi tena kuanza ile sentensi. Mimi nilikuwa naondoka pale na kitu kifuani. Nilikuwa nimelinda uhai wa mtu kwa kumvua jina, na katika kazi yetu jina ndilo tunalolipwa kulitetea. Nilipunguza kula. Nilianza kushuku hata mambo yasiyo na kesi: muuza maziwa, saa ya ukutani, sala za mama yangu. Kama mtu asiye na hatia amesema "ni kweli" kwa agizo langu, na mahakama imeandika, basi jalada lile katika kabati la serikali ni uongo wenye muhuri, na nani anajua majalada mangapi mengine yako hivyo?

Akatoka. Alipata kibarua cha kushona viatu Kabalagala, kisha akaja ofisini akiwa amenyoa vizuri, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, nimepata mwanamke. Baba yake ni koplo wa zamani wa polisi, anakaa Kawempe. Lakini ule mzee iko na desturi yao kule kwao. Kabla ya kupokea mahari, lazima mutu mmoja wa upande wangu, mwenye si ndugu, asimame aseme ubaya yangu yote mbele ya watu. Bote wanaonijua balibaki Bukavu. Ubaya yangu, ni wewe tu unaijua."

Niliwahi kuitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu, lakini si wa aina hii. Nikakubali kwa sababu nilikuwa na deni kwake. Sikumwuliza nini niseme, na hakuniambia.

Jumamosi mchana tukakaa uani kwa Koplo Yakobo: wazee saba kwenye viti vya kuazima, wanawake upande wa jikoni, na mpwa mmoja wa mzee aliyekuja na sare ya jeshi, amekaa pembeni anakula njugu. Koplo Yakobo alikuwa amevaa koti la zamani la kazini, vifungo vimeng'arishwa. Aliendesha kikao kama gwaride.

"Huyu kijana nasikia alikuwa Luzira," akasema. "Mimi nilikuwa polisi miaka ishirini na mbili. Nilifunga wengi. Wengine nilifunga bure, najua. Kwa hiyo mimi siulizi koti ya hakimu ilisema nini. Mimi nauliza wewe, mama. Wewe ulikuwa wakili yake. Aliiba au hakuiba?"

Binti mwenyewe alikuwa ametoka jikoni na sinia, akasimama nalo. Kama ningesema aliiba, harusi imekwisha. Kwao binti hapewi mwizi, na Bisimwa angebaki na lile jina mpaka kaburini. Kama ningesema hakuiba, nilikuwa nasema mbele ya sare ya jeshi kwamba mwingine ndiye aliyeiba. Na jibu langu la kweli, lile la kazini, lilikuwa mdomoni tayari: sijui, sikumwuliza. Lilikuwa jibu safi na lingemwangamiza.

Sijawahi kula kiapo bila ushahidi. Siku ile nilisimama, nikashika mgongo wa kiti changu, nikasema, "Mzee, hakuiba. Alikubali kosa kwa sababu mimi nilimwambia akubali, ili aishi. Aibu ya kifungo chake ni yangu. Yeye hakuchukua hata punje."

"Unajua hiyo, ama unafikiri?"

"Najua."

Mpwa mwenye sare akaacha njugu. "Kama si yeye, nani?"

Nikasema nimeitwa kumsemea mtu mmoja tu. Yule askari akataka kuendelea, lakini Koplo Yakobo akagonga mkongojo chini. "Wewe kaa. Leo sisi naoza binti, hatufungui faili." Kisha akamwita Bisimwa, akamshika mkono, akasema mbele ya wote kwamba amepata mkwe mwenye mikono safi na tangu leo atakayemwita mwizi amemwita yeye. Wanawake wakapiga vigelegele. Bisimwa alikuwa analia, na mimi, niseme ukweli, nililia pia. Kitu kile kilichokuwa kifuani miaka yote kilitoka. Nilikula kuku, nilikunywa chai mbili, nikawaza kuwa labda sasa nitalala.

Alinisindikiza hadi kwenye gari. Nilikuwa nimeshafungua mlango aliposema, "Mama, ile siku selo ulinikataza kusema."

"Nilikukataza, ndiyo. Sema sasa, yamekwisha."

Akatazama nyuma kuhakikisha hakuna mtu anayesikia. "Kapteni alibeba magunia makumi ine. Ile mbili ingine, ni miye. Niliuzisha. Kule koti waliposoma makumi ine na mbili nilishangaa sana, mama, nikaona hawa watu wanajua hesabu vizuri. Nilitaka kukuambia. Nikaona mama anasumbuka mwenyewe, nikasema nisimuongezee."

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kucheka. Miaka mitatu nilikuwa nimembeba mtu asiye na hatia, na hakuwepo. Na dakika chache nyuma, mara ya kwanza katika maisha yangu kusema "najua" bila karatasi, nilikuwa nimesema uongo kwa mzee aliyevaa vifungo vyake vizuri kwa ajili ya ukweli. Nikamwuliza kwa nini ananiambia leo, baada ya yote yale. Alifuta uso kwa kiganja, akatabasamu kwa haya.

"Ilikuwa inanisumbua roho," akasema. "Lakini vile ulisema mule ndani, mama, hata miye niliamini."